Dola 800 na adabu ya kubadili lugha

Posho ya lugha mbili kwa watumishi wa serikali kuu ya Kanada ni dola 800 za Kanada kwa mwaka. Ilianza kulipwa mwaka 1977 na haijaongezwa hata senti moja tangu hapo. Serikali kuu hulipa mishahara kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo ukiigawa unakuta ni dola 30 na kidogo kwa kila malipo, tena kabla ya makato. Ndiyo bei ambayo serikali imempangia mtumishi wake anayeweza kufanya kazi kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, awe karani wa mapokezi au mchambuzi wa sera. Wakurugenzi hawaipati kabisa.

Mimi ninaipokea, na sikukaa hapa kuilalamikia. Kinachonisumbua ni kingine. Watu walio nje hudhani Kifaransa kinabanwa katika ofisi za Ottawa kwa chuki. Chuki ipo, siikatai, nimeisikia kwa masikio yangu. Lakini kwa miaka niliyokaa humu ndani nimeona kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanywa na adabu, na inafanywa na wenye Kifaransa chao wenyewe.

Kwa msomaji aliyeko Tanga au Goma, niiweke ramani kwanza. Ottawa, mji mkuu, uko jimbo la Ontario, ambako Kiingereza ndicho kinachotawala. Ukivuka mto unaingia Gatineau, jimbo la Quebec, ambako Kifaransa ndicho mwenyeji. Miaka ya 1970 serikali kuu ilijenga majengo makubwa ya ofisi upande wa Hull, ambao leo ni sehemu ya Gatineau, ili ajira za serikali zisirundikane upande mmoja. Place du Portage ni mojawapo, na Terrasses de la Chaudière nayo ni ya enzi hizo. Asubuhi mabasi yanapishana darajani, ya huku yakienda kule na ya kule yakija huku, yote yamejaa watu wenye vitambulisho shingoni.

Kabla ya hapo mtu wa Kifaransa akiajiriwa serikalini alikuwa akiiacha lugha yake nyumbani. Stempu za posta zilianza kuandikwa kwa lugha zote mbili mwaka 1927. Hundi za serikali kuu kwa nchi nzima zilisubiri hadi 1962. Mwaka uliofuata iliundwa tume ya kuchunguza hali ya lugha hizo mbili, iliyoongozwa na André Laurendeau na Davidson Dunton, na kutokana na kazi yake ikaja Sheria ya Lugha Rasmi ya mwaka 1969, chini ya waziri mkuu Pierre Trudeau. Sheria ile ilimtazama zaidi mwananchi anayekuja dirishani kutaka huduma. Mtumishi aliyeko upande wa pili wa dirisha alisubiri zaidi: Bunge lilipitisha azimio juu yake mwaka 1973, na haki yake ya kufanya kazi kwa lugha anayoichagua ikakaa rasmi ndani ya sheria mwaka 1988, tena kwa maeneo yaliyotajwa tu. Ottawa na Gatineau yamo, jimbo la New Brunswick limo lote, pamoja na Montréal na sehemu nyingine kadhaa za Quebec na Ontario.

Hapo katikati kuna kisa cha 1976 ambacho wazee wa Quebec hawajakisahau. Waongoza ndege wa Kifaransa walitaka waruhusiwe kuongea Kifaransa na marubani wa Kifaransa ndani ya anga la Quebec. Wenzao wa Kiingereza wakasema huo ni mchezo wa hatari. Juni mwaka huo marubani waligoma na ndege zikalala chini. Iliundwa tume ya uchunguzi, ikakaa, ikafanya majaribio, na mwaka 1979 ikasema Kifaransa hakiangushi ndege.

Haya, turudi ofisini.

Ukiajiriwa unaulizwa lugha yako rasmi ya kwanza ni ipi, na majibu yanayokubalika ni mawili. Mimi nilisoma msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, kama Mtanzania yeyote wa shule za serikali, basi nikaandikwa wa Kiingereza. Mwenzangu wa Bukavu, ambaye tumekaa kitengo kimoja, alisoma kwa Kifaransa mpaka chuo, akaandikwa wa Kifaransa. Kwenye takwimu za serikali sisi ni watu wa makundi mawili, na ripoti zinaandikwa kila mwaka kuhusu jinsi makundi hayo yanavyoelewana. Saa sita mchana tunafungua vyombo vyetu vya chakula meza moja na kupiga soga kwa Kiswahili.

Halafu kuna herufi. Nafasi ikitangazwa kuwa ya lugha mbili, inakuja na herufi tatu: ya kusoma, ya kuandika na ya kuzungumza, kuanzia A ya chini mpaka C ya juu. Watu hutajana kwa herufi hizo kama madaraja ya leseni ya udereva: fulani ana BBB, fulani anatafuta CBC. Juu kabisa kuna E, ambayo ukiipata hutahiniwi tena. Wengine wote matokeo yao yanadumu miaka mitano.

Kusoma na kuandika watu wengi wanavuka. Kinachowatoa jasho ni mazungumzo. Kwa ngazi B unaeleza kazi yako na kusimulia mradi uliokwisha. Kwa ngazi C mtahini anakupeleka kwenye mambo ambayo hayajatokea: ungefanyaje kama bajeti ingekatwa katikati ya mwaka, ungemshauri nini mkuu wako kama asingekubaliana nawe. Ndiyo maana miezi ya mitihani utawakuta watu wazima, wenye shahada za uzamili, wamesimama kwenye lifti wakijisemea -nge- na -ngali- za Kifaransa chini kwa chini.

Sasa nikupeleke kikaoni, maana ndiko mambo yanakoonekana.

Kikao cha kitengo, kila mtu kwenye skrini yake. Mwenyekiti anafungua kwa maneno ambayo kila mtumishi wa Ottawa anayajua kwa moyo: karibuni, kila mmoja atumie lugha rasmi anayoipenda. Anayasema nusu kwa Kifaransa na nusu kwa Kiingereza. Mwenzangu wa Bukavu ndiye wa kwanza, anawasilisha matumizi ya robo mwaka. Anaanza kwa Kifaransa, kizuri, cha shule za masista, na anaposoma asilimia anasema «nonante-trois», yaani 93, kama Wakongo na Warundi walivyoachiwa na Wabelgiji. Mtu mmoja wa Montréal anatabasamu. Sentensi ya pili. Ninaona mraba mmoja juu kulia, mama mmoja kutoka upande wa magharibi ya nchi amesogeza uso karibu na skrini na kukunja paji la uso. Mwingine ameshainamia simu yake. Mwenzangu anavuta pumzi, anasema «okay», na kuanzia hapo hadi mwisho ni Kiingereza. Hakuna aliyemwomba. Mwenyekiti anamshukuru kwa Kifaransa.

Wakati wa chakula nikamuuliza kwa nini amekatisha.

«Walikuwa wanateseka, dada,» akasema. «Nitese watu kwa ajili ya bajeti?»

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Sheria imempa haki, mwenyekiti amemkaribisha, hakuna aliyemzuia. Lakini haki hiyo ina gharama, na gharama inalipwa na yule anayeitumia: ataonekana mgumu, kikao kitarefuka, na hoja yake yenyewe inaweza isieleweke na watu wanaopaswa kuipitisha. Mtu aliyelelewa vizuri akipewa uchaguzi kati ya haki yake na kuwasumbua wenzake, wengi wao wanaiacha haki. Kwa upande wa pili hakuna anayejiuliza swali hilo. Sijawahi kumwona mtu wa Kiingereza akigeuza lugha katikati ya sentensi kwa kumhurumia msikilizaji, kwa sababu inachukuliwa kwamba wa Kifaransa wote wanaelewa Kiingereza. Na kweli wanaelewa, wamelazimika.

Kwenye karatasi hali ni mbaya zaidi. Hati inaandikwa kwa Kiingereza kwa sababu ngazi za kuidhinisha ni nyingi na mmoja wa wakubwa husoma Kiingereza kwa haraka zaidi. Ikishapita inapelekwa kutafsiriwa. Serikali kuu ina Idara ya Tafsiri tangu 1934, na siku hizi kuna programu za kompyuta zinazotafsiri kufumba na kufumbua, ambazo watu wanazitumia wakiwa na haraka, na haraka haiishi. Ijumaa saa tisa alasiri barua pepe inamfikia mwenzangu: tafadhali utupie jicho hii tafsiri, dakika tano tu. Dakika tano ni saa mbili. Anakuta sentensi zimesimama kichwa chini miguu juu, jina la mpango limetafsiriwa kwa namna tatu ndani ya ukurasa mmoja, na jedwali moja halijaguswa. Anarekebisha Kifaransa cha hati ambayo angeweza kuiandika yeye, vizuri zaidi, kwa lugha hiyohiyo, tangu mwanzo. Kazi hiyo haimo kwenye maelezo ya nafasi yake. Mwisho wa mwaka, kwenye tathmini ya utendaji, haionekani popote. Muulize mtumishi yeyote wa Kifaransa anayekaa kwenye kitengo cha Kiingereza, atakupa hadithi hii kabla hujamaliza swali.

Nisiwaonee watu wa Kiingereza, maana nami kwenye makaratasi ni mmoja wao. Wapo waliojitahidi kuliko ninavyoweza kusimulia. Kijana mmoja wa kitengo chetu, mzaliwa wa Saskatchewan, jimbo la magharibi, alipelekwa kusoma Kifaransa kwa miezi, kutwa nzima, kwa gharama ya ofisi. Alirudi na C yake ya mazungumzo na moyo mkunjufu. Wiki ya kwanza alimsalimia kila mtu kwenye mashine ya kahawa kwa Kifaransa, akauliza habari za watoto, akasimulia mvua. Alijibiwa kwa Kiingereza. Alijibiwa hivyo kwa nia njema kabisa, na watu waliomsikia akitafuta neno na kumwonea huruma. Kabla ya mwaka kuisha alikuwa amebaki na bonjour ya asubuhi. Yule wa Bukavu anabadili lugha ili kumpunguzia mzigo wa Saskatchewan, naye wa Saskatchewan anakipoteza Kifaransa kwa sababu amepunguziwa mzigo. Wote wawili wana adabu nzuri sana.

Januari 2021 Ofisi ya Kamishna wa Lugha Rasmi, chini ya Raymond Théberge, ilitoa matokeo ya uchunguzi iliowafanyia watumishi karibu 11,000 kuhusu suala hilihili la kukosa raha na lugha kazini. Nilipoisoma niliwaona wenzangu ndani yake. Wa Kifaransa walieleza kwamba wanasita kutumia lugha yao kwa kuona wenzao hawaimudu vya kutosha, au kwa kuogopa kuonekana wasumbufu. Wa Kiingereza nao wakaeleza hofu ya kupimwa, na jinsi wanavyojibiwa kwa Kiingereza wakijaribu. Kamishna alikuwa ameandika kwa lugha ya ofisi jambo ambalo sisi tunaliongea kwenye chakula.

Serikali imejibu kwa namna serikali zinavyojibu, yaani kwa kupandisha herufi. Sheria ilifanyiwa marekebisho makubwa Juni 2023, na kuanzia tarehe 20 Juni 2025 anayechukua nafasi ya lugha mbili ya kusimamia watu katika maeneo yaliyotengwa anatakiwa awe na CBC, badala ya BBB iliyokuwa ikikubaliwa. Sipingi. Msimamizi asiyeweza kumfanyia mtu tathmini kwa lugha yake ana walakini. Ila C ya mtihani, kama nilivyoeleza, inayeyuka yenyewe isipopata wa kuongea nayo, na hakuna mtihani unaomlazimisha mtu kuvumilia kikao kilichorefuka kwa dakika kumi.

Kuna watu ambao mgawanyo huu wa visanduku viwili unawakaa vibaya zaidi kuliko sisi. Mary Simon alipoapishwa kuwa Gavana Mkuu mwaka 2021, Mwinuiti, yaani mtu wa wenyeji wa asili wa kaskazini, wa kwanza kushika nafasi hiyo, alikuwa na Kiinuktitut na Kiingereza lakini hakuwa na Kifaransa. Malalamiko zaidi ya elfu moja yakamfikia Kamishna. Mama huyo alieleza kwamba utotoni, kaskazini ya Quebec, shule ya serikali aliyosoma haikumpa nafasi ya kujifunza Kifaransa. Kwa hesabu ya herufi, mtu mwenye lugha mbili akaonekana ana moja. Ofisini kwetu jambo hilo liliwagawa watu kwa wiki nzima, na si kwa mstari niliotarajia: mwenzangu wa Bukavu alikuwa upande wa Simon, na yule kijana wa Saskatchewan, aliyekihangaikia Kifaransa kwa jasho, alikuwa na uchungu.

Pia yupo Mkameruni wetu, mtu wa Bamenda, upande wa Kiingereza. Huyu hajadiliani. Kwao mwaka 2016 wanasheria na walimu wa maeneo ya Kiingereza waliandamana kwa sababu mahakama zao na shule zao zilikuwa zinaletewa mahakimu na walimu waliofunzwa kwa mfumo wa Kifaransa, na mwaka uliofuata vita ikaanza. Akisikia Ottawa wanagombana kuhusu tafsiri iliyochelewa, anachukua kikombe chake na kuondoka. Nimejifunza kutomfuata. Ila siku moja alinigeukia akasema kwamba hapa angalau ukinung'unika unapewa fomu ya kujaza.

Mimi nimetoka nchi ambako ofisi ya serikali inaongea Kiswahili na faili limeandikwa Kiingereza. Baba yangu alifanya kazi halmashauri maisha yake yote, na vikao vyao vilikuwa vya kelele, utani na methali, kisha mtu mmoja anakwenda kuandika muhtasari kwa lugha ambayo hakuna aliyegombania kwayo. Nilipokuja huku nilidhani shida ya lugha kazini ni maandishi. Kumbe maandishi yana watu wa kuyasimamia, yana sheria, yana idara nzima. Kinachopotea ni ule ugomvi wa kikaoni, mtu kukatiza, mtu kutania. Mwenzangu wa Bukavu kwa Kiswahili ni mchekeshaji, na wa Kifaransa waliokaa naye wanasema kwa Kifaransa anaua mbavu. Kwenye kitengo chetu alijulikana kwa miaka kama mama mpole, makini, asiye na maneno mengi.

Mwaka jana tulipata mkuu mpya wa kitengo, mama wa Kiakadia, jamii ya wenye Kifaransa wa mashariki ya Kanada, kutoka New Brunswick. Wiki ya pili akaweka utaratibu: kila mmoja aongee yake mpaka mwisho, ukianza na lugha moja humalizii na nyingine, ajenda na jedwali vitumwe siku moja kabla, na asiyeelewa aulize kwa lugha yake bila kuomba radhi. Hakumlazimisha mtu kuongea Kifaransa. Alimkataza mtu kukikimbia.

Vikao vya mwanzo vilikuwa vizito kama ugali uliolala, nisiseme uongo. Watu walinyamaza. Mama yule wa magharibi alilalamika kwa mkuu, kwa maandishi, na akajibiwa kwa maandishi, kwa lugha zote mbili. Mwenzangu wa Bukavu mwenyewe hakupendezwa. Alisema anajisikia kama anafanyishwa mtihani mbele ya watu. Baada ya muda mambo yakalegea. Alisoma asilimia zake za robo mwaka kwa Kifaransa mpaka mwisho, na nonante zake zote, na yule wa Montréal alipotabasamu akamuuliza hapohapo kama kwao bado wanafanya hesabu ya kujumlisha kila wakitaka kutaja 90, quatre-vingt-dix, yaani ishirini mara nne na kumi. Kikao kikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akitania kazini kwa sauti ya kawaida.

Kubwa zaidi ilikuwa hati ya Machi. Aliiandika yeye, kwa Kifaransa, ikapita ngazi zote kwa Kifaransa, na Kiingereza ndicho kilichopelekwa kutafsiriwa. Ijumaa, saa tisa alasiri, kijana wa Saskatchewan akapata barua pepe ya kumwomba aitupie jicho tafsiri ya Kiingereza, dakika tano tu. Saa kumi na moja alikuwa bado yuko kwenye meza yake, koti halijavaliwa, akiuliza ofisi nzima nani ameandika kitu kama hiki. Mwenzangu alimpitia akamtakia wikiendi njema.

Matokeo yangu ya mazungumzo yanaisha muda wake hivi karibuni, na Kifaransa changu cha mtihani kimeshika kutu. Nikamwendea mwenzangu na ombi, nikijua yeye ndiye mwalimu bora niliye naye: siku mbili kwa wiki, chakula cha mchana, tuongee Kifaransa tupu. Alikuwa anafungua dagaa wake, ambao wengine hapa hawapendi harufu yake. Alinitazama.

«Hapana, dada. Kutwa nzima ninawapa watu. Saa ya kula ni yangu. Tafuta yule wa Saskatchewan, na yeye hana wa kuongea naye.»

Tumeanza Jumanne iliyopita. Anaongea haraka kuliko nilivyodhani.